Kifo cha 'Nairobi' na mizani mbili za kupima wizi Gusii

MASHABIKI wengi wa tamthilia za runinga katika kaunti za Kisii na Nyamira wangali wanakumbuka walikokuwa wakati Nairobi alipouawa. Walikuwa nyumbani kwa wazazi wao, kama wanafunzi wengine wote nchini. Shule na vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa baada ya kisa cha kwanza cha virusi vya corona kutangazwa Machi 13, 2020, na kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imeanza kutekelezwa Machi 27.

Nairobi huyo si jiji. Ni mhusika wa tamthilia ya Kihispania La Casa de Papel, ambayo Wakenya waliizoea kwa jina lake la Kiingereza, Money Heist. Aliuawa katika kipindi cha sita cha sehemu ya nne, iliyotolewa Ijumaa, Aprili 3, 2020. Alipigwa risasi ya kichwa na mkuu wa usalama wa Benki Kuu ya Uhispania, wakati ambapo alikuwa amefungwa, hana silaha, na bado anauguza jeraha la risasi ya awali ambalo wenzake walikuwa wamemfanyia upasuaji humo humo ndani ya benki waliyoivamia.

Kilio kilitanda katika simu. Tanzia za mzaha ziliandikwa, picha za mwigizaji Alba Flores aliyemwigiza mhusika huyo zikasambazwa, na kwa siku kadhaa habari kwamba "Nairobi amekufa" ikawa gumzo miongoni mwa barobaro wa Kenya. Mzazi aliyeisikia kauli hiyo kutoka chumba cha pili, ilhali ana mtoto anayefanya kazi ya mjengo Embakasi au binti anayeuza nguo Gikomba, alikuwa na kila sababu ya kushtuka.

Msiba huo wa kubuni ulipita, lakini uliacha swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha. Gusii, kama sehemu nyingine nyingi za nchi, ni mahali ambapo mtu akipigiwa mayowe ya "mwizi!" sokoni anaweza kukosa kufika kituo cha polisi akiwa hai. Iliwezekanaje basi jamii hiyo hiyo kumlilia mwanamke ambaye kazi yake katika tamthilia, tangu kipindi cha kwanza hadi kifo chake, ilikuwa wizi wa kutumia bunduki?

Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba vijana wamepotoka, na kwamba wamelewa sinema za ng'ambo. Jibu hilo ni jepesi mno. Ukichunguza mambo kwa utaratibu, utagundua kwamba mashabiki hao hawakuwa wamesahau chuki yao dhidi ya wizi. Walikuwa wakilinganisha wizi mmoja na mwingine, na katika ulinganisho huo genge la kubuni lilitokea kuwa na adabu kuliko wezi halisi wanaowafahamu.

Jina la jiji

Kabla ya hapo, ni lazima jina lenyewe lizingatiwe, kwa sababu lina uzito wake. Katika genge lililovamia kiwanda cha serikali cha kuchapisha fedha mjini Madrid, kila mwizi alipewa jina la jiji ili asitambuliwe: Tokyo, Rio, Berlin, Moscow, Denver, Helsinki, Oslo na Nairobi. Kutoka Afrika nzima, ni Nairobi pekee iliyochaguliwa. Mtunzi wa tamthilia hiyo, Álex Pina, hakuwa akiisimulia Kenya kwa vyovyote, na mhusika mwenyewe ni Mhispania. Lakini kwa mtazamaji wa Keroka au Ogembo, kusikia jina la mji mkuu wa nchi yake likitajwa kwa heshima katika runinga ya dunia nzima, bila kutanguliwa na habari za njaa au ugaidi, lilikuwa jambo geni. Nairobi wa tamthilia alikuwa mwerevu, mcheshi na hodari wa kazi. Ndiye aliyesimamia uchapishaji wa noti na kuhakikisha hakuna hata moja yenye kasoro.

Tena alikuwa mama. Katika hadithi, alinyang'anywa mwanawe wa kiume kwa sababu ya makosa yake ya awali, na aliingia katika uporaji ule akitumaini kwamba fedha zingemwezesha kumrudisha. Ni kwa kutumia mtoto huyo ndipo polisi walipomvuta hadi dirishani mwishoni mwa sehemu ya tatu, mwaka wa 2019, wakampiga risasi ya kwanza. Gusii imejaa nyumba ambamo watoto wanalelewa na nyanya zao huku mama akitafuta riziki Nairobi. Mwanamke anayehatarisha maisha ili apate kuishi tena na mtoto wake hahitaji kufafanuliwa kwa watazamaji wa aina hiyo, hata akiwa anazungumza Kihispania.

Kisha ikaja sadfa ambayo hakuna mtunzi angeipanga. Jumatatu, Aprili 6, siku tatu tu baada ya sehemu hiyo ya nne kutolewa, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka jiji la Nairobi na viunga vyake kuanzia saa moja jioni ya siku hiyo. Mabasi yanayopitia Narok, Bomet na Sotik hadi Keroka na Kisii yakasimama. Marufuku hiyo, iliyotangazwa kuwa ya siku 21, iliongezwa mara kadhaa na haikuondolewa hadi Julai 7, 2020.

Athari zake kwa Gusii zilikuwa kali. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576, katika ardhi finyu ambayo imegawanywa vizazi kwa vizazi hadi vijana wengi hawana budi kuhama ili kutafuta kazi. Nairobi ndiko ada za shule zinakotoka. Na kwa desturi ya Abagusii, anayefariki mbali hurudishwa kuzikwa katika boma lake. Katika miezi hiyo, kuusafirisha mwili kulihitaji kibali, na mazishi yaliruhusiwa kuhudhuriwa na watu wasiozidi 15. Jamaa waliozoea kusafiri kwa basi zima zima kuandamana na jeneza, wakiimba hadi alfajiri, walilazimika kubaki jijini na kufuatilia maziko kwa simu.

Kwa hivyo, vijana waliotazama jeneza la Nairobi likitolewa nje ya benki walikuwa wakiishi katika majira ya majeneza yaliyosafiri bila wasindikizaji. Haifai kudai kwamba kila aliyemwaga chozi aliwaza hayo. Lakini mzaha wa "Nairobi amekufa" ulikuwa na makali ambayo haukuwa nayo São Paulo au Paris, na mwenye kuupuuza kama upuuzi wa vijana wasio na shughuli hakuwa ameketi katika nyumba iliyosubiri basi lisilofika.

Tamthilia ilivyofika mashinani

Netflix, kampuni iliyoisambaza tamthilia hiyo duniani, ilianza kupatikana Kenya Januari 2016. Mwezi huo huo Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB) ilijitokeza kuikosoa, ikidai kwamba baadhi ya filamu zake zilihatarisha maadili na hata usalama wa taifa. Tahadhari hiyo haikuwagusa sana wakazi wa Gusii, kwani wengi wao hawakuwa na kadi za benki za kulipia huduma hiyo wala bando la kutosha. Tamthilia iliwafikia kwa njia nyingine kabisa: duka la filamu, lile chumba chembamba chenye kompyuta moja na mabango ukutani, ambapo mteja huja na flashi yake akawekewa sehemu nzima kwa shilingi chache. Hapo ndipo zilipopitia Prison Break na 24 katika miaka ya 2000, na ndipo ilipopitia La Casa de Papel.

Njia hiyo inavunja sheria ya hakimiliki. Ni kinaya ambacho mashabiki wenyewe hukitaja kwa kicheko: hadithi ya wizi, iliyoibwa, ikitazamwa na watu wanaochukia wizi. Kampuni yenyewe ilikuja kukiri kwamba bei ni kikwazo ilipoanzisha huduma ya bure kwa watumiaji wa simu za Android nchini Kenya Septemba 2021, kabla ya kuifuta Novemba 2023.

Lugha nayo haikuwa kizuizi kama ilivyodhaniwa. Familia za Kenya zilikuwa zimetazama tamthilia za Amerika ya Kilatini, zilizotiwa sauti za Kiingereza, kwa miaka mingi kabla ya Profesa na genge lake kuzaliwa. Katika vibanda vya video, watazamaji walikuwa wamezoeshwa na wasimulizi kama DJ Afro kusikia filamu ya kigeni ikisimuliwa upya kwa Kiswahili cha mitaani, mashujaa wakibatizwa majina mapya na maneno yakitiwa chumvi. Mtazamaji aliyelelewa hivyo haioni filamu ya Madrid kuwa ya Madrid. Huihamishia kwake.

Na alipoihamishia kwake, aliona nini? Aliona genge lenye sheria. Kiongozi wao, anayeitwa Profesa, aliwakataza kumwaga damu. Pili, hawakuiba fedha za mtu. Walijifungia katika kiwanda cha kuchapisha fedha, wakawalazimisha wafanyakazi kuwachapia noti mpya, na baada ya saa 128 wakaondoka na euro milioni 984. Profesa alijitetea kwa kusema kwamba benki kuu ya Ulaya ilichapisha fedha nyingi zaidi ya hizo ili kuyaokoa mabenki, na hakuna aliyeitwa mwizi. Hoja hiyo ina mashimo, kwa sababu mateka waliteseka na watu walikufa. Hata hivyo, ni hoja ambayo Mkenya aliyesoma habari za Goldenberg, kashfa ya miaka ya mapema ya 1990, anaielewa upesi kuliko Mhispania.

Kalenda ya Thika

Kila mara kunapotokea uporaji mkubwa nchini, hutokea msemaji wa kuilaumu tamthilia hii. Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa Thika, Novemba 2017, ambapo wezi walichimba handaki chini ya ardhi hadi katika chumba cha kuhifadhia fedha cha tawi la benki ya KCB na kutoweka na zaidi ya shilingi milioni 50. Ufanano na Profesa ni mkubwa: subira, udongo unaotolewa kidogo kidogo, wikendi inayotumiwa kwa hesabu.

Tatizo ni kalenda. La Casa de Papel ilianza kuonyeshwa Uhispania Mei 2017 katika kituo cha Antena 3, na haikufikishwa kwa watazamaji wa nchi nyingine kupitia Netflix hadi Desemba 2017. Handaki la Thika lilikuwa limekwisha kuchimbwa na kugunduliwa. Kama kuna aliyemwiga mwenzake, basi itabidi isemwe kwamba Madrid iliiga Thika, jambo ambalo bila shaka halikutokea. Wanaoilaumu runinga wangefaa kwanza kutazama tarehe.

Visa vilivyofuata vinafichua jambo jingine. Septemba 2019, shilingi milioni 72 zilizokuwa zikipelekwa kujaza mashine za kutolea fedha ziliporwa katika mtaa wa Nairobi West na watu waliojitambulisha kama polisi. Miongoni mwa waliokamatwa na kufikishwa mahakamani walikuwamo maafisa wa polisi wenyewe. Februari 2024, shilingi milioni 94 za duka kuu moja zilitoweka jijini Nairobi zikiwa ndani ya gari la kampuni ya ulinzi iliyopewa kazi ya kuzisafirisha, na washukiwa wakuu walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo.

Hapa hapakuwa na handaki wala hesabu za Profesa. Katika tamthilia, mwizi huvaa ovaroli nyekundu na kinyago cha mchoraji Salvador Dalí ili asijulikane. Katika visa hivi vya Kenya, anayeshukiwa alikuwa amevaa sare ya kazi, na ni sare iliyomfungulia mlango. Mtazamaji wa Nyamira anapomwona Profesa akihangaika miezi mitano kuwafunza watu wake katika jumba la mashambani, humwonea huruma kidogo: mtu huyu, anajiambia, hana jamaa serikalini.

Gusii na wezi wake

Eneo la Gusii lina historia yake ya kupambana na wizi, nayo si ya kujivunia. Kundi la Sungusungu lilianza kwa nia ya kulinda vijiji dhidi ya majambazi ambao polisi walishindwa kuwadhibiti. Wakazi walilichangia na kulishangilia. Kadiri miaka ilivyosonga, vijana hao waligeuka mahakama, askari magereza na wanyongaji kwa wakati mmoja. Madeni na ugomvi wa mipaka ya mashamba vikawa kesi za Sungusungu, na waliolipinga waliishi kwa hofu. Oktoba 2010 serikali ilipochapisha orodha ya makundi 33 yaliyopigwa marufuku, Sungusungu lilikuwa humo, pamoja na Chinkororo.

Marufuku hayo hayakuondoa ile tabia ya umma kujitwalia mamlaka ya hakimu. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe walichomwa moto hadi kufa huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Tuhuma zao hazikuwa za wizi, lakini utaratibu ulikuwa ule ule: tuhuma, mayowe, umati, kiberiti. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Septemba 3, mashabiki wa tamthilia walikuwa wamempoteza Tokyo, aliyejilipua pamoja na wanajeshi waliomzingira, na mitandao ikajaa simanzi tena, ingawa haikufikia ile ya Nairobi.

Kwa hivyo anayeuliza kwa nini vijana wa Gusii humhurumia mwizi wa runinga anapaswa kuuliza pia ni mwizi gani wasiyemhurumia. Ni yule aliyeshikwa na kuku, na simu ya mkononi, na rundo la majani chai aliyochuma usiku katika shamba la jirani. Ni mwizi aliye karibu, maskini, asiye na wakili. Hasira dhidi yake inaeleweka, maana anamwibia maskini mwenzake. Mjane aliyepoteza ng'ombe wake mmoja wa maziwa amepoteza karo, lishe na akiba kwa usiku mmoja. Lakini hasira hiyo ina kipimo kimoja cha ajabu. Hupungua kadiri kiasi kilichoibwa kinavyoongezeka. Anayetajwa katika kashfa ya mamilioni hufika kwenye harambee ya kanisa, akapewa kiti cha mbele na kipaza sauti.

Isidhaniwe kwamba mizani hiyo ni ya wanavijiji pekee. Sheria za nchi zenyewe zinafanana nayo. Chini ya kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, anayeiba mfugo, awe ng'ombe, mbuzi au kondoo, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mtumishi wa umma anayeiba mali ya serikali, chini ya kifungu cha 280, anaweza kufungwa hadi miaka saba. Na chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, adhabu ya kosa la ufisadi ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, pamoja na faini nyingine ya mara mbili ya faida aliyoipata mkosaji au hasara aliyoisababisha. Genge la Profesa nalo, kwa kuwa lilibeba bunduki, lingeshtakiwa Kenya kwa wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2), ambacho adhabu yake ni kifo.

Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri za kuutetea ukali dhidi ya wezi wa mifugo, kwani wizi huo umeua watu wengi katika maeneo ya wafugaji. Hata hivyo, ni vigumu kumweleza mkulima wa Nyansiongo kwa nini ng'ombe mmoja ana uzito wa miaka 14 ilhali fedha za zahanati nzima zina uzito wa saba.

Uzito wa fedha za zahanati ulidhihirika mwaka ule ule wa 2020. Miezi minne baada ya kilio cha Nairobi, taarifa za uchunguzi kuhusu ununuzi wa vifaa vya kukabiliana na corona ziliitikisa nchi. Ukaguzi maalum wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulibaini kwamba Mamlaka ya Usambazaji Dawa (KEMSA) ilikuwa imetumia shilingi bilioni 7.8 katika ununuzi uliokiuka taratibu. Wakati huo, wauguzi katika hospitali za kaunti walikuwa wakililia barakoa na mavazi ya kujikinga. Wakenya waliwapa walionufaika jina la mamilionea wa Covid. Hawakuvaa vinyago vya Dalí, na hakuna kibanda cha video kilichohitajika ili kuwatambulisha.

Januari 2021, Rais Kenyatta alinukuliwa katika mahojiano ya redio akisema kwamba nchi hupoteza takriban shilingi bilioni mbili kila siku kwa ufisadi. Kauli hiyo ilizua mjadala mkali, maana aliyeitoa ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuukomesha. Kwa kufuata kiwango cha ubadilishanaji wa fedha cha wakati huo, euro milioni 984 zilizobebwa na genge la Profesa zilikuwa kama shilingi bilioni 130. Kwa hesabu ya Rais, hizo ni fedha za siku 65. Uporaji uliohitaji werevu wa mtu mmoja maisha yake yote, handaki, na vifo vya wenzake watatu, Kenya ingeumaliza kabla ya muhula mmoja wa shule kwisha, bila king'ora kulia.

Takwimu kama hizo ndizo zinazoifanya huruma kwa Nairobi ieleweke, japo hazimfanyi kuwa mtakatifu. Wakosoaji wana haki kusema kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa karani wa benki haipungui ubaya kwa sababu waziri fulani ameiba zaidi. Wana haki pia kuhofia kwamba kijana anayemsifu Profesa leo anaweza kumsifu mwanasiasa mwizi kesho, kwa hoja ile ile ya ujanja. Pengine hatari kubwa zaidi iko hapo, wala si katika kuiga handaki. Kusifu akili ya mwizi bila kuuliza ni nani anayelipa ni mazoea ya zamani nchini, na tamthilia hii iliyakuta tayari yakiwa yamestawi.

Hata hivyo, kizazi kilichomlilia Nairobi hakikubaki kulia. Wengi waliokuwa wanafunzi walionyimwa masomo mwaka wa 2020 ndio waliofikia umri wa kuingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, na mji wa Kisii ulikuwa miongoni mwa miji iliyoshuhudia maandamano hayo. Mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa kwamba walikuwa wakitozwa ushuru ili pengo lililoachwa na wezi lijazwe. Safari hii walimtaja mwizi wa mbali, yule wa mamilioni, na wakamtaja kwa sauti. Kama sauti hiyo itadumu hadi kwenye harambee za kanisa, au itanyamaza mgeni mwenye bahasha nene atakapoketi mbele, bado ni mapema kuamua.

Tamthilia yenyewe ilihitimishwa Desemba 3, 2021. Katika vipindi vyake vya mwisho, dhahabu ya Benki Kuu ya Uhispania inatoweka. Vinavyorudishwa mbele ya kamera ni vipande vya shaba nyeupe iliyopakwa rangi ya dhahabu, na afisa mkuu wa serikali, akijua ukweli, anawatangazia wananchi kwamba mali yao imepatikana yote na wezi wamekufa. Wezi, wakiwa hai, wanapewa pasipoti mpya na kuondoka kwa helikopta. Wapo wachambuzi wa ng'ambo walioulalamikia mwisho huo wakisema haukuwa wa kuaminika. Ni lalamiko ambalo lingewashangaza wengi Keroka.